Tovuti za kulinganisha nchi michezoni: ipi ya kutumia kwa swali lipi

Tarehe 15 Septemba 2025 Alphonce Simbu alimaliza marathoni ya mashindano ya dunia ya riadha jijini Tokyo kwa 2:09:48. Mjerumani Amanal Petros naye akaandikiwa 2:09:48. Picha ya mstari wa kumalizia iliwatenganisha kwa sekunde 0.03, na Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza katika historia ya mashindano hayo. Yalipofungwa, jedwali la medali liliiweka Tanzania, yenye dhahabu moja basi, juu ya Ethiopia iliyokuwa na fedha mbili na shaba mbili, na juu ya Uingereza iliyokuwa na fedha tatu na shaba mbili.

Hakuna mtu wa riadha atakayekuambia kwamba Tanzania ina timu imara kuliko Ethiopia. Hata hivyo jedwali halikukosea. Liliulizwa nani ana dhahabu nyingi, likajibu. Ugomvi mwingi wa vijiweni na mitandaoni kuhusu nchi ipi ni bora hutokana na kuchukua jibu la swali moja na kulibandika kwenye swali jingine. Tovuti zinazopitiwa hapa ni za bure, na kila moja ina swali inaloliweza na swali linaloishinda. Tuanze na inayofunguliwa na watu wengi.

Jedwali la tovuti rasmi ya Olimpiki ni jepesi kusoma: dhahabu kwanza, zikilingana fedha, zikilingana tena shaba. Paris 2024 Marekani na China zilifungana kwa dhahabu 40, Marekani ikakaa juu kwa sababu ilikuwa na fedha 44 dhidi ya 27. Ufaransa, wenyeji, walikusanya medali 64 lakini wakawa wa tano, nyuma ya Japani yenye 45 na Australia yenye 53. Kenya ilimaliza ya 17 kwa dhahabu 4, fedha 2 na shaba 5. Kwa kufuatilia michezo inavyoendelea, hakuna tovuti inayoishinda hii kwa kasi.

Kasi hiyohiyo ndiyo mtego. Usiku wa tarehe 5 Agosti 2024, katika fainali ya mita 5,000 wanawake, Beatrice Chebet alishinda na Faith Kipyegon akafuata. Muda mfupi baadaye Kipyegon akaondolewa kwa madai ya kumzuia Gudaf Tsegay wa Ethiopia, na fedha ikaandikwa jina la Sifan Hassan wa Uholanzi. Kenya ikakata rufaa, ikashinda usiku uleule, Kipyegon akarudishiwa fedha yake na Hassan akarudi kwenye shaba. Aliyepiga picha ya skrini katikati ya sakata hilo ana jedwali lisilolingana na la mtu yeyote.

Na si mambo ya usiku mmoja tu. Beijing 2008 China ilifunga michezo na dhahabu 51. Leo zinahesabika 48, kwa sababu sampuli za wanyanyua vyuma watatu wa kike zilipimwa upya wakanyang'anywa medali. Mwaka huohuo wa 2008 magazeti ya Marekani yaliiweka Marekani ya kwanza, ingawa ilikuwa na dhahabu 36, kwa kuwa kwao hesabu huanzia jumla ya medali. Kamati ya Olimpiki yenyewe inasema kwenye mkataba wake kwamba michezo ni mashindano kati ya wanamichezo, si kati ya nchi. Ni msimamo mzuri, ila jedwali la nchi limewekwa mahali pa kuonekana kwenye tovuti yao.

Kwa nchi za Afrika Mashariki, chombo chenye faida zaidi ni kile ambacho wengi hawajui kama kipo. Kwenye tovuti ya shirikisho la riadha duniani, World Athletics, fungua mashindano ya dunia ya mwaka unaoutaka, nenda kwenye matokeo, kisha pita jedwali la medali na utafute lile linaloitwa Placing Table. Hili huhesabu nafasi nane za kwanza katika kila fainali: wa kwanza pointi 8, wa pili 7, wa tatu 6, hivyo hivyo hadi wa nane anayepata 1.

Rudi sasa kwenye Tokyo 2025. Medali nne za Ethiopia peke yake ni 7 na 7 na 6 na 6, jumla 26, kabla hata hujagusa waliokuja wa nne hadi wa nane. Dhahabu ya Simbu ni pointi 8. Picha inakaa sawa bila kumvunjia mtu heshima.

Simbu mwenyewe ndiye mfano bora wa kile ambacho jedwali la medali hukizika. Rio 2016 alikuwa wa tano kwenye marathoni. London 2017, mashindano ya dunia, akachukua shaba. Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika 2021, wa saba. Kwa medali, hiyo ni sifuri, moja, sifuri. Kwa pointi za nafasi ni 4, 6, 2. Mtu anayeangalia medali tu angesema Tanzania ilikuwa imekufa kwenye Olimpiki zote mbili, kisha ikafufuka Tokyo 2025 kwa muujiza. Anayeangalia nafasi anaona mkimbiaji mmoja aliyekaa kwenye nane bora za dunia muda mrefu.

Nafasi ya nane si pambo. Kwenye mashindano ya dunia ya Budapest 2023 shirikisho lilimlipa bingwa dola 70,000 na kuendelea kushuka hadi dola 5,000 kwa wa nane. Kwenye Olimpiki ya Paris shirikisho hilohilo lilitoa dola 50,000 kwa wenye dhahabu za riadha pekee.

Udhaifu wa jedwali la nafasi uko kwenye ngazi zake. Pengo kati ya dhahabu na fedha ni pointi moja, sawa na pengo kati ya wa saba na wa nane, jambo ambalo hakuna mwanariadha anayelikubali moyoni. Nchi yenye watu watatu waliokuja wa tano ina pointi 12 na inaipita nchi yenye bingwa mmoja. Ndiyo maana linafaa kupima upana wa timu, lisitumike kumpima bingwa. Ukikutana na nusu pointi, usidhani tovuti imeharibika: waliolingana hugawana. Kwenye michezo saba (heptathlon) ya wanawake Tokyo 2025, Katarina Johnson-Thompson wa Uingereza na Taliyah Brooks wa Marekani walifungana kwa alama 6,581, wote wakavaa shaba. Pointi za nafasi ya tatu na ya nne ni 6 na 5, ukigawa kwa wawili unapata 5.5 kila mmoja.

Kuna hesabu moja ambayo hakuna jedwali litakalokufanyia, nayo ndiyo inayobadilisha maana ya namba za Kenya. Medali zote 11 za Paris zilitoka kwenye riadha, na zote kuanzia mita 800 kwenda juu. Mbio hizo za uwanjani na barabarani ni sita kwa wanaume na sita kwa wanawake: 800, 1,500, 5,000, 10,000, kuruka viunzi na maji, na marathoni. Fainali 12 zenye medali tatu kila moja ni medali 36. Kenya ilichukua 11, karibu theluthi moja ya kila kilichokuwepo. Na kila nchi inaruhusiwa wakimbiaji watatu tu kwa mbio moja ya Olimpiki, hata kama ina thelathini wenye muda wa kufuzu.

Sasa tazama kuogelea: Paris kulikuwa na mashindano 37. Mwogeleaji hodari anaweza kuingia majini mara nne kwa wiki na kutoka na dhahabu nne za mtu mmoja, kama alivyofanya Léon Marchand wa Ufaransa. Mkimbiaji wa marathoni anakimbia mara moja. Chebet kushinda 5,000 na 10,000 ni kazi ya ajabu, na Sifan Hassan kuongeza marathoni juu ya hizo mbili akatoka na shaba, shaba na dhahabu ni kituko ambacho wengi hawathubutu kukijaribu. Kwa hiyo unapoweka Kenya kando ya Australia, uliza kwanza kila moja ilikuwa na milango mingapi ya kuingilia.

Kwa historia, nenda Olympedia. Ni hifadhi ya matokeo iliyojengwa na wanahistoria wa Olimpiki, na inaonekana: imejaa mambo, haina madoido, na kurasa zake ni za maandishi kiasi kwamba hazili bando. Ni ya Kiingereza tu. Ingia sehemu ya nchi, chagua kwa msimbo wa herufi tatu, utapata kila Olimpiki nchi iliyoshiriki, kila mchezaji, na nafasi aliyomaliza hata kama alitolewa raundi ya kwanza. Ukitaka kujitengenezea jedwali la nafasi nane kwa Olimpiki, hapa ndipo unapochota.

Jambo la kwanza ambalo Olympedia hukufundisha ni kwamba pengo na sifuri si kitu kimoja. Kenya haina medali za 1976 wala 1980. Haikufeli, haikwenda, kwa kuwa ilisusia. Wanaopiga wastani wa medali za Kenya kwa kila Olimpiki tangu uhuru na kuingiza miaka hiyo kama sifuri wanaishusha bila haki. Tanzania nayo ilisusia Montreal 1976, wakati Filbert Bayi alikuwa mshika rekodi ya dunia ya mita 1,500 aliyoiweka Christchurch 1974. Moscow 1980 Tanzania ilikwenda, ikarudi na medali mbili ambazo hadi leo ndizo pekee ilizonazo za Olimpiki: fedha ya Bayi kwenye kuruka viunzi na maji, na fedha ya Suleiman Nyambui kwenye mita 5,000, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia kwa chini ya sekunde moja. Lakini soma na upande wa pili: Marekani, Ujerumani Magharibi na Kenya hazikuwepo Moscow. Hilo halifuti fedha za watu hao wawili. Linamaanisha tu kwamba medali za 1980 na za 1988 hazilinganishwi hivi hivi bila maelezo.

La pili ni mahali pa kuzaliwa, ambapo ukurasa wa mwanamichezo hupaonyesha. Chukua jukwaa la kuruka viunzi na maji wanawake, Paris 2024: dhahabu Winfred Yavi wa Bahrain, fedha Peruth Chemutai wa Uganda, shaba Faith Cherotich wa Kenya. Jedwali linasema Bahrain, Uganda, Kenya. Kurasa za wanamichezo zinasema Yavi naye alizaliwa Kenya. Bahrain ilitoka Paris na medali nne, na wote wanne waliozileta walizaliwa nje ya nchi hiyo. Mchezo huu si mpya: Stephen Cherono alihamia Qatar mwaka 2003 akawa Saif Saaeed Shaheen, akaichukulia nchi hiyo ubingwa wa dunia wa mbio hizohizo 2003 na 2005. Kama swali lako ni nchi ipi inazalisha wakimbiaji, jedwali la medali litakudanganya. Kama ni nchi ipi imewekeza ikapata, liko sahihi.

La tatu ni marekebisho. Mita 1,500 wanaume, Beijing 2008, aliyevuka mstari wa kwanza alikuwa Rashid Ramzi wa Bahrain. Alipokutwa na dawa, dhahabu ikahamia kwa Asbel Kiprop wa Kenya. Kitabu au gazeti la 2008 lina hesabu ya zamani, Olympedia ina ya sasa. Mapungufu yake? Matokeo ya mashindano ya dunia utayatafuta kwingine, na mgeni atapotea kwanza kwenye menyu zake kabla hajazoea.

Tovuti ya medali kwa idadi ya watu, medalspercapita.com, ndiyo inayosambazwa sana na ndiyo yenye hatari zaidi kwa asiye makini. Inagawanya idadi ya watu kwa medali, na unaweza kubadili ikagawa pato la taifa badala yake. Paris 2024 Grenada ilipata shaba mbili ikiwa na watu takriban 117,000, yaani medali moja kwa kila watu kama 58,000. Kenya ilikuwa na medali moja kwa takriban watu milioni tano, na India, yenye medali sita, moja kwa watu zaidi ya milioni 230.

Ili China iifikie Grenada kwa kipimo hicho ingehitaji medali zaidi ya 20,000. Paris nzima ilikuwa na mashindano 329, na medali zote zilizogawiwa zilikuwa elfu moja na kidogo. Kipimo ambacho nchi kubwa haiwezi kukishinda hata ikichukua kila medali duniani hakipimi ubora. Na nchi ndogo nazo hukaa kwenye uzi: medali zote mbili za Saint Lucia, dhahabu ya mita 100 na fedha ya mita 200, zililetwa na Julien Alfred. Msuli mmoja ukikaza wiki hiyo, Saint Lucia inatoka kwenye nafasi za juu za orodha hadi kutokuwepo kabisa. Ifungue kwa kujifurahisha. Ukitaka kuitumia kwa hoja nzito, linganisha nchi zenye ukubwa unaokaribiana, Kenya na Uganda kwa mfano, si Grenada na China.

Mpira wa miguu una ulimwengu wake. Hapa kuna viwango vya FIFA na kuna vya Elo kwenye eloratings.net, na vyote viwili siku hizi vina mzizi mmoja: kila timu ina pointi, na kila mechi huhamisha pointi kulingana na matokeo yaliyotarajiwa. Tofauti ziko kwenye viungo.

FIFA huhesabu hivi tangu Agosti 2018: pointi za zamani, jumlisha uzito wa mechi mara tofauti kati ya matokeo halisi na yaliyotarajiwa. Ushindi ni 1, sare 0.5, kufungwa 0. Uzito ni 5 kwa mechi ya kirafiki nje ya kalenda ya FIFA, 10 ndani ya kalenda, 25 kwa mechi za kufuzu, 35 kwa fainali za bara kabla ya robo fainali na 40 kuanzia hapo, 50 kwa Kombe la Dunia na 60 kuanzia robo fainali. Timu yenye pointi 300 chini ya mpinzani hutarajiwa kupata 0.24. Ikitoka sare kwenye mechi ya kufuzu inaongeza 25 mara 0.26, yaani pointi 6.5. Ikishinda, 19. Ikifungwa inapoteza 6. Matokeo hayohayo kwenye kirafiki cha uzito 10 ni 2.6, 7.6 na 2.4.

Angalia kisichomo: uwanja. Sare ya ugenini Casablanca na sare ya nyumbani kwa Mkapa ni sawa mbele ya FIFA. Idadi ya mabao nayo haimo. Elo ina vyote viwili. Mwenyeji huongezewa pointi 100 kabla ya hesabu, ushindi wa mabao mawili huongeza uzito kwa nusu, wa mabao matatu kwa robo tatu. Timu ileile iliyo chini kwa 300 ikitoka sare ugenini kwenye mechi ya kufuzu, Elo inaipa kama pointi 16. Sare hiyo ingekuwa nyumbani ingeipa kama 10. Kwa anayejua ugumu wa safari za mpira wa Afrika, Elo ndiyo inayosema kweli.

Penalti nazo huzitenganisha. AFCON iliyochezwa Januari na Februari 2024 nchini Ivory Coast, DR Congo ilitoka sare mechi zote tatu za kundi, ikiwemo 0-0 na Taifa Stars, kisha 1-1 na Misri na kuitoa kwa mikwaju 8-7, wa mwisho ukipigwa na kipa Lionel Mpasi. Ilipofika nusu fainali ilikuwa imeshinda mechi moja tu uwanjani, 3-1 dhidi ya Guinea. Kwa FIFA, mshindi wa mikwaju hupewa 0.75 na aliyeshindwa 0.5, na hatua ya mtoano ya fainali haimpunguzii mtu pointi, kwa hiyo Misri ilitolewa bila kuadhibiwa. Kwa Elo ile ni sare, na mwenye pointi nyingi hupungua.

Mfumo wa FIFA wa kabla ya 2018 ulikuwa wa wastani, na kirafiki kiliweza kukushusha hata ukishinda. Poland ilikwepa mechi za kirafiki, ikaingia chungu cha kwanza, cha timu zenye viwango vya juu, kwenye droo ya Kombe la Dunia 2018, halafu ikafungwa 2-1 na Senegal na 3-0 na Colombia na kumaliza mkiani mwa kundi. Yeyote anayekuletea viwango vya FIFA vya miaka hiyo kama ushahidi, mkumbushe hilo. Faida nyingine ya Elo kwa watu wa pwani: Zanzibar imo. FIFA haina, kwa kuwa Zanzibar si mwanachama wake. CAF iliipokea kama mwanachama kamili Machi 2017 na kuiondoa Julai mwaka huohuo.

Ukiamua kutengeneza jedwali lako mwenyewe kwenye kompyuta, makosa matatu ndiyo huharibu kazi nyingi. Msimbo: Olimpiki na FIFA huandika Tanzania TAN, lakini takwimu za idadi ya watu na uchumi hutumia TZA, kwa hiyo ukiunganisha mafaili mawili Tanzania hutoweka kimyakimya huku Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi zikibaki salama. Tarehe: andika siku uliyochukua data, maana medali huhama hata baada ya miaka kumi. Na jina Uingereza: kwenye Olimpiki ni timu moja, kwenye mpira ni England, Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini kila moja na lake, na kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola huongezeka Jersey, Guernsey na Isle of Man. Ukizijumlisha zote kwenye safu moja, hakikisha umeiandika hivyo juu ya safu, la sivyo msomaji wa kwanza atakayejua mpira atakurudishia faili.